Bajia za Unga wa Njano

Je, ni halali kumlisha mtu kitu alichoapa kutokila, hata kama anakila kwa furaha? Swali hili linanikaa moyoni tangu mwaka 1974, nalo lilizaliwa jikoni kwangu, wala si katika vitabu vya chuo cha ualimu.

Mwaka ule mvua zilitutupa mkono, chakula kikaagizwa kutoka nje. Ukaja unga wa mahindi ya njano, watu wakaubatiza “unga wa Yanga” kwa rangi ya jezi ya timu ile. Mitaani ilisemwa kwamba huko Marekani hulishwa mifugo. Ni kweli mifugo hulishwa mahindi hayo. Lakini watu wa majimbo ya kusini nao huukaanga unga wake madonge madogo, wakayala kwa samaki. Tena rangi tuliyoidharau hutokana na viini ambavyo baadhi yake mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na sembe yetu nyeupe karibu haina vitu hivyo. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua njaa tu.

Mke wangu aliukaanga bajia. Unga wa mahindi haushikamani kama wa ngano, kwa hiyo aliumwagia maji ya moto, akauacha ulowe, kisha akatia chumvi, kitunguu, pilipili na manjano kidogo. Alidondosha kwa kijiko mafuta yakishapata moto sawasawa, maana yakiwa vuguvugu bajia huyanywa, na mafuta yenyewe yalikuwa ya kuhesabiwa.

Jumapili moja alitutembelea mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye alikuwa ameapa mbele ya walimu wote kwamba unga ule hautaingia kinywani mwake. “Mimi si ng’ombe,” alisema. Akaandaliwa samaki na bajia. Akala ya kwanza, ya pili akaigeuzageuza.

“Shemeji, mbona rangi hii?”

“Manjano, shemeji,” mke wangu akajibu.

Hakusema uwongo. Mimi nilitazama sahani yangu. Mgeni alikula saba.

Nimejitetea sana kwamba mgeni haaibishwi mezani. Lakini kama chakula kile kingekatazwa na dini yake, tusingethubutu. Kiapo cha imani tunakiheshimu, cha kiburi tunakichezea. Sijui ni nani aliyetukabidhi mizani ya kupimia viapo vya watu.

Wala hilo silo linalonichoma zaidi. Mtu yule alikuwa na watoto watano, na nyumbani kwake unga ule alikuwa ameupiga marufuku. Mmoja wao alikuwa darasani kwangu, akisinzia kabla ya saa nne. Laiti ningemwambia palepale, “Mwalimu, umekula unga wa Yanga, na umeusifu,” angekasirika, naam. Lakini huenda jioni ile sufuria ingeinjikwa kwake. Tulimtunzia heshima, na waliolipa ni watoto. Mwaka uliofuata alihamishwa.

Mke wangu hakubaliani nami. Asema njaa ya nyumba ile ilikuwa juu ya mwenye nyumba, si juu ya bajia zetu. Tumebishana hivyo miaka 50 na ushei.

Juzi alizikaanga tena, kwa mahindi ya njano ya shambani kwetu. Mjukuu akauliza rangi ile imetoka wapi. Nikakohoa. Bibi yake akanitupia jicho.

“Unga ni wa njano, mjukuu wangu,” akasema. Akageuza bajia moja, akaongeza, “Na manjano kidogo.”