Daftari Kabla ya Mkopo

Ndugu zangu wa Molo, Njoro, Gilgil na Naivasha, mwaka ujao mmeupanga kwa njia ngapi? Wengi mna moja tu: mvua itanyesha kwa wakati, viazi vitapanda bei, mkopo wa Sacco utalipika, na karo itabaki. Hilo ni ombi, na ombi hupelekwa madhabahuni. Meneja wa Sacco hapokei maombi!

Kumbukeni pareto. Kenya iliwahi kuiuzia dunia sehemu kubwa ya zao hilo, na kiwanda kilikuwa papa hapa Nakuru mjini. Kila aliyeanika maua yale juani alijua kwamba mnunuzi kisheria ni mmoja. Nani alijiuliza, huyu mmoja akishindwa kulipa je? Miaka ya 2000 malipo yakachelewa, yakakwama, watu wakang'oa pareto wakapanda viazi. Sheria ya kufungua soko ilipopita 2013, wengi walikuwa wameshakata tamaa. Na leo kwa viazi vile vile mnamtegemea broka mmoja. Tubuni!

Huko Naivasha nako, Aprili 2010 volkano ililipuka Iceland, anga ya Ulaya ikafungwa, mawaridi yakaoza kwa tani. Machi 2020 corona ikaangusha mnada wa maua wa Uholanzi, na mwaka huo huo ziwa likaingia nyumba za mtaa wa Kihoto. Nani angetabiri yote hayo? Yusufu alifunuliwa ndoto ya Farao, akaijua njaa na miaka yake. Sisi hatukufunuliwa. Letu ni lile la Mhubiri, sura ya 11: gawa mali yako mafungu saba, hata manane, kwa kuwa hujui balaa litakalokuja.

Basi leo usiku keti na mwenzio na watoto wakubwa. Andikeni miaka mitatu: wa neema, wa ukame, wa soko kufungwa. Ishara ya kwanza ya kila mmoja ni ipi? Ikionekana, ng'ombe yupi atauzwa kwanza? Amueni mkiwa mmeshiba, maana mwenye njaa huuza mtamba kwa bei ya kichinjio. Kampuni ya Shell ilikuwa imejizoeza kufikiri hivyo kabla ya mshtuko wa mafuta wa 1973, nayo ina pesa za kuvumilia makosa kuliko wewe.

Linalofaa miaka yote mitatu, kama tangi la maji au nyasi za akiba, lifanyeni sasa. Linalofaa mwaka wa neema peke yake, lingoje ishara. Na fomu ya mkopo msiitie sahihi kabla daftari hilo halijajaa.