Simu Mfukoni, Muumini Ibadani

Tarehe 8 Novemba 2017, katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, hayati Papa Fransisko alianza mfululizo wa katekesi kuhusu Misa Takatifu, na hakukawia kufika kwenye suala la simu. Alisema anahuzunika anapoadhimisha misa uwanjani pale au ndani ya basilika na kuona simu nyingi zimeinuliwa, tena si za waumini peke yao, bali hata za mapadre na maaskofu. Padre anapowaalika watu wainue mioyo, alikumbusha, hawaambii wainue simu wapige picha.

Waumini wa Bukoba, Sumbawanga au Machakos hawakuhitaji ufafanuzi. Kitochi, ambacho Wakenya hukiita mulika mwizi, hulia katikati ya mahubiri. Mwenyewe hukitafuta ndani ya mkoba, chini ya leso, kitabu cha nyimbo na bahasha ya sadaka, na kadiri anavyopekua ndivyo kinavyozidi kupiga kelele. Jumamosi ya harusi nayo, bibi na bwana harusi hupita katikati ya ukuta wa simu, huku shangazi aliyesafiri usiku kucha akiambulia visogo vya wapiga picha.

Hata hivyo, tangazo la kuzima simu pekee halitoshi tena, kwa sababu siku hizi simu imepewa kazi kanisani. Julai 2008 kanisa la Life.Church la jimbo la Oklahoma, Marekani, lilitoa programu ya Biblia iitwayo YouVersion, na leo Biblia ya Kiswahili inasomwa humo bila malipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Sasa makanisa mengi yana namba ya kupokelea sadaka. Kenya ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020 kwa ajili ya korona, wachungaji wengi walihamia YouTube na Facebook. Milango ilipofunguliwa tena Julai kwa watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja tu, waliobaki nyumbani waliendelea kufuata ibada kwenye simu. Adabu basi ni kujua simu imeitwa kwa kazi gani, na kuirudisha mfukoni mara kazi hiyo inapokwisha.

Maandalizi huanzia nyumbani. Anayekwenda ibadani awaambie mapema wale wanaozoea kumpigia, wateja na ndugu, kwamba atapatikana baada ya saa fulani. Kisha akague kengele zote alizotega, ya kuamka, ya dawa na ya kikao, kwa maana simu nyingi hulia kengele hata zikiwa zimewekwa kimya. Jambo hili lilidhihirika New York tarehe 10 Januari 2012. Kondakta wa okestra Alan Gilbert alikuwa akiongoza Simfonia ya Tisa ya mtunzi Mahler, kurasa za mwisho zilizo nyororo kabisa, simu ya msikilizaji wa safu ya mbele ikaanza kulia na isinyamaze. Gilbert alisimamisha okestra nzima. Mwenye simu alikuwa ameinyamazisha. Kilicholia ni kengele, na simu yenyewe ilikuwa mpya, hajaizoea.

Mtetemo nao si ukimya. Simu iliyolazwa juu ya benchi la mbao hunguruma hadi safu ya tatu. Iliyo salama zaidi ni ile iliyozimwa, au iliyokatwa mawimbi kwa kuwekwa katika hali ya ndegeni. Wazee wengi hawajui vibonye vya kufanya hivyo, na hapo ndipo mjukuu anapopata thawabu: "Bibi, nikusaidie kunyamazisha simu?" Swali hilo liulizwe nje, kwa sauti ya chini, kabla ya kengele ya kwanza, na wala si kwa kumpokonya mkononi wakati imeshalia.

Wapo ambao hawana ruhusa ya kuzima: daktari na mkunga wa zamu, askari, mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Hao wakae benchi la nyuma karibu na mlango, simu ikitetema mwilini mwao, na wapokee wakiwa wameshafika nje. Kuna tabia ya kujikunja chini ya benchi na kunong'ona, "Halo, niko kanisani, nitakupigia." Mnong'ono huo husikika kuliko mahubiri.

Anayesoma Biblia kwenye simu afungue masomo ya siku mapema, azime data ili ujumbe usimwingilie katikati ya Zaburi, na apunguze mwanga wa kioo. Jirani yake naye asimdhanie vibaya, kwa kuwa si kila aliyeinamia simu anachati. Kwa msomaji anayesimama mbele ya watu, kitabu kinabaki kuwa bora. Mwaka 2012 maaskofu Wakatoliki wa New Zealand waliwaeleza mapadre wao kwamba tableti isichukue nafasi ya Misale altareni, kwani kitabu cha ibada kimetengwa kwa kazi hiyo tu. Ziko pia sababu za kawaida kabisa: chaji huisha, na ujumbe wa mkopo wa simu unaweza kujitokeza juu ya Waraka kwa Warumi.

Wakati wa sadaka, mwenye kutoa kwa simu atoe, ahakikishe muamala umepita, kisha afunge. Kuangalia salio, kujibu jumbe tatu za Wasap na kupitia matokeo ya mpira ni safari nyingine kabisa. Asichungulie kioo cha jirani kujua ametuma kiasi gani, wala asimwoneshe jirani cha kwake. Mhasibu wa kanisa naye ana wajibu: namba inayotangazwa ionyeshe jina la kanisa pale muamala unapothibitishwa, isiwe ya mtu binafsi. Wasio na fedha kwenye simu watoe kikapuni bila kujiona wamepitwa na wakati.

Baada ya komunyo ndipo vidole vingi huwasha, vikitaka kuona nani alipiga. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi unauhesabu ukimya wa wakati huo kuwa sehemu ya adhimisho lenyewe, sawa na ukimya wa wakati wa toba na ule wa baada ya mahubiri. Aliyevumilia saa moja na nusu hashindwi kuvumilia dakika hizo chache.

Picha ndizo zenye mitihani mingi. Katika ubatizo, kipaimara na harusi, familia iteue mpiga picha mmoja au wawili, na paroko au mchungaji awaoneshe mapema pa kusimama. Wageni wengine wakae. Mtu anayepokea Meza ya Bwana, anayetubu au anayelia mbele ya madhabahu asipigwe picha hata kama kamera inarusha ibada moja kwa moja. Wakati huo kamera igeuziwe kwaya. Picha za watoto zisipelekwe mtandaoni bila idhini ya wazazi. Msibani, marehemu na wafiwa wasirekodiwe kwa siri, na hakuna anayepaswa kutangaza kifo kwenye kikundi cha Wasap kabla wenye msiba hawajawafikia ndugu zao. Wapo watu waliopata habari ya mzazi wao kutoka kwenye simu ya jirani.

Kuna waliojaribu njia ya mkato. Mwaka 2004 iliripotiwa kwamba makanisa kadhaa ya Monterrey, Mexico, yamefunga mitambo ya kuziba mawimbi ya simu. Mitambo hiyo haichagui: humzuia mpiga soga na humzuia pia mkunga anayeitwa wodini. Nchini Marekani sheria inaikataza. Kazi ya mtambo huo haizidi ya mzee wa kanisa anayesimama mlangoni na kuwakumbusha watu kwa tabasamu.

Simu ikilia pamoja na tahadhari zote, mwenyewe aizime mara moja, asiangalie nani anapiga, asijieleze, wala asikimbilie nje akiwakanyaga watu. Kuteleza si kuanguka. Majirani wasigeuze shingo, na mhubiri asimtaje kwa jina wala asimtungie mahubiri ya papo hapo. Afanye kama Lukáš Kmit, mpiga viola wa Slovakia. Alikuwa akitumbuiza katika sinagogi la mji wa Prešov simu ikalia kwa ule mlio maarufu wa Nokia. Alinyamaza kidogo, akaupokea mlio ule kwa viola yake, akauremba, na wasikilizaji wakacheka. Video yake ilisambaa duniani mwaka 2012. Mlio wenyewe, kwa kweli, umetokana na muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega.

Yaliyobaki yanawahusu viongozi, maana waumini huwatazama wao kwanza. Padre asiyeacha simu sakristia hana uso wa kuwaonya wengine. Wanakwaya, ambao mara nyingi huketi wakitazamana na waumini, wajue kwamba kioo kinachowaka mapajani huonekana na kanisa zima. Tangazo la kabla ya ibada liseme wazi: zima kengele zote, Biblia ya simu inaruhusiwa, namba ya sadaka ni hii, wapiga picha ni hawa wawili. Na picha za wapiga picha hao ziwekwe kwenye kikundi cha usharika au jumuiya siku hiyohiyo jioni, ili mama wa bibi harusi asilazimike kusimama na simu yake wakati binti yake anakula kiapo.