Nani Atamwambia Kumekucha?



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu, muhula uliopita mwenzetu asiyeona aliniomba muhtasari wa darsa zetu za Jumatano. Nikapiga picha kurasa za daftari langu, nikamtumia. Baada ya siku mbili akanipigia: "Sheikh, simu yangu haisomi mwandiko wako. Nichapie, tafadhali." Nikaguna. Mitihani ilikuwa karibu. Nikamwambia nitaangalia, nikakata simu.

Wiki ileile nilikuwa narudia Surat Abasa. Kisa tunakijua sote. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) hakuona uso uliokunjwa mbele yake, na bado aya zikateremka. Mtume (s.a.w.) alikuwa na sababu, akitaraji wakubwa wa Makureshi wasilimu. Mimi sababu yangu ilikuwa uvivu, na mwenzangu alinisikia nikiguna.

Khutba zetu nyingi hukomea hapo, kisa kikawa cha huruma tu. Tufuate maisha ya sahaba huyu hadi Madina. Alifanywa muadhini pamoja na Bilal (r.a.). Bilal aliadhini usiku, watu wakaendelea kula daku mpaka waisikie adhana ya Ibn Ummi Maktum. Yaani saumu ya mji mzima ilisubiri sauti ya mtu asiyeweza kuiona alfajiri! Aliwezaje? Imepokewa kuwa hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Kazi ilikuwa yake, na wenye macho walimpa habari aliyoihitaji. Mtume (s.a.w.) aliposafiri alipata pia kumwachia Madina aisimamie.

Hapa Uganda serikali hutenga nafasi 64 za ufadhili kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu vya umma. Ni jambo la heri, lakini nafasi humfikisha mtu getini. Ndani ya geti tuko sisi. Programu ya NVDA hutolewa bure na humsomea asiyeona maandishi yaliyochapwa kwenye kompyuta, ila picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono mara nyingi kwake ni ukimya. Chumba chetu cha kuswalia kiko ghorofani, na ndugu yetu wa kiti cha magurudumu huswali Adhuhuri kwenye ujia, peke yake, sisi tukiwa juu tumebanana bega kwa bega.

Huyo ndugu ndiye anayeniumiza zaidi. Ramadhani iliyopita tulimchangia mchele na sukari, tukajiona tumetenda. Yeye alikuwa ametuomba kitu kingine: tumtambulishe kwa kaka mmoja aliyemaliza hapa, mwenye ofisi ya uhasibu, apate mahali pa mafunzo kwa vitendo. Hatukupiga hata simu moja. Mchele uliisha, na muhula wa mafunzo ukampita.

Ule muhtasari nilikuja kuuchapa. Ulinichukua saa moja na robo, na mwenzangu akanirudishia na makosa mawili ya hesabu za mirathi, amenisahihishia.

Natafuta wachapaji wawili wa darsa za Jumatano, na mtu mwenye namba ya yule kaka wa uhasibu. Nitakuwa penye rafu za viatu Ijumaa baada ya Alasiri, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.