Jumanne ya Kabla ya Majivu

Hapo kale Wakristo wa Ulaya walikatazwa mayai na mafuta siku za Kwaresima. Ndiyo asili ya Waingereza kupika chapati za maji Jumanne hiyo, ili akiba imalizike. Nasi wa Ilula je? Kwaresima hutukuta wakati wa mvua, ulanzi ukigemwa tele. Wapo wasemao, “Tunywe leo, kesho twafunga.” Lakini amalizaye mayai habakiziwi kishawishi, mlevi wa Jumanne huamka Jumatano na kiu ile ile, akapokea majivu kichwa kikimwuma. Basi, ndugu, pikeni chapati, mkamwite na jirani asiye na unga; fedha ya ulanzi iwe sadaka. Tumfuate Bwana jangwani tukiwa wepesi.