Uchafu wa Chini ya Gari



Katika Bunia, kama katika Ituri yote, vumbi la kiangazi na matope ya majira ya mvua hayamwachi mtu wala chombo. Gari lishukalo Kasenyi kando ya Ziwa Albert, au lielekealo Komanda na Mambasa, hurudi limepakwa udongo juu na chini. Mwenye gari huosha milango na vioo, na watu husifu. Lakini fundi mwenye busara huinama, akatazama chini.

Chini ndiko iliko shasi, yaani fremu ibebayo injini, bodi na abiria wote. Fikirini Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi ilifanywa kwa aluminiamu, isiyoliwa na kutu kama chuma. Lakini shasi ilifanywa kwa mabamba ya chuma yaliyoungwa kama sanduku refu, tupu ndani. Basi bodi hubaki nzuri miaka mingi, huku shasi ikioza. Matope huziba vitundu vya kutolea maji na kushika unyevu. Na chuma, maji na hewa vikikaa pamoja, kutu huzaliwa. Mwenye gari haoni kitu, hata siku ya mzigo mzito na njia mbovu, shasi ikakatika.

Fundi afanyeje? Huliinua gari juu ya viegemeo imara. Hukwangua matope makavu, hulainisha grisi iliyoganda kwa mafuta ya taa, husugua kwa burashi ya waya, huosha kwa maji ya moto na sabuni, huzibua vitundu. Hugonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito. Palipooza hukata na kuunga chuma kipya. Kikiisha kukauka, ndipo hupaka rangi ya kuzuia kutu. Fundi mvivu hupaka rangi juu ya uchafu, na kutu huendelea kula chini yake.

Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo waliosafisha kikombe kwa nje tu. Mkatekumeni naye aweza kujua sala zote na kujibu maswali yote ya katekisimu, huku ameficha kinyongo moyoni. Ituri yajua jambo hili. Vita vya miaka 1999 hadi 2003 viliwatenga majirani, Wahema na Walendu, na mauaji yalirudi tena tangu mwisho wa mwaka 2017. Wako waliofiwa na wazazi, wako waliochomewa nyumba. Huzuni yao si dhambi, wala kudai haki si dhambi. Bali mtu akisema moyoni, «Kabila lile lote na liangamie,» hilo ndilo tope liozeshalo shasi. Siku ya uvumi na hasira mtu huyo atavunjika, na walio karibu naye wataumia.

Msidhani Ubatizo ni rangi ya kufunika. Ubatizo huondoa dhambi kweli, ile ya asili na zile mtu alizotenda. Tena shasi haijisafishi. Mungu ndiye asafishaye. Lakini mtu mzima sharti atubu, akubali kuinuliwa na kutazamwa chini. Ndiyo sababu Kanisa limeweka Machunguzo katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima, ili kilicho dhaifu moyoni kifunuliwe na kuponywa, na kilicho kizima kiimarishwe.

Ikiwa kusamehe ni kugumu, mtu asijidai amesamehe. Amwambie Mungu ukweli, amwombee adui yake kwa jina, aende kwa katekista au padri kutafuta shauri. Na baada ya Ubatizo njia bado ina matope: Sakramenti ya Kitubio ndiyo izibuayo vitundu, unyevu usikae.

Basi leo jioni kila mmoja ajiulize: Ni nani nisiyetaka kusikia jina lake? Kisha alitaje jina hilo mbele ya Mungu, na kusali Baba Yetu polepole, bila kuruka neno lihusulo kusamehe.