Aliyoyaona Msafiri Marekani, na Yaliyo Kwetu



Mwaka 1959 vijana 81 wa Kenya walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Mwenye kuipigania safari hiyo alikuwa Tom Mboya, ambaye udogoni alisoma Kabaa, katika nchi ya Machakos. Hata kufikia mwaka 1963 waliofuata njia hiyo walikuwa mamia. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba wakiwa katika basi kwenda Kansas walisimama Indiana, wakaingia mkahawani wanywe kitu baridi. Wakaambiwa wakanywee nje, kwa kuwa ni weusi. Hayo hayakuwa mageni kwa mtu aliyekulia Kenya ya mkoloni. Lakini kuyakuta katika nchi ijisifuyo kwa uhuru ni jambo jingine.

Sisi wa pwani tukisikia habari hizo hutikisa vichwa, tukasema: alhamdulillahi, Uislamu hauna hayo. Na kweli hauna. Malcolm X, Mmarekani mweusi, alipohiji mwaka 1964 aliandika kwa mshangao kuwa amekula sahani moja na Waislamu weupe. Lakini kusema Uislamu hauna ni neno moja, na kusema Waislamu hawana ni neno jingine.

Tuutazame huo mji wa Machakos. Misafara ya Mombasa ilipita Ukambani kabla ya reli kujengwa, na leo wako Wakamba Waislamu wanaosimama nasi safu moja. Basi mmoja wao, mwenye dini na tabia njema, na ashuke Mombasa aje kuposa. Je, ataulizwa habari ya sala yake? Ataulizwa: wewe wa mlango gani? Akijibu kuwa ni Mkamba wa Machakos, kahawa italetwa, maneno mazuri yatasemwa, na binti hatapewa. Mwenye mkahawa wa Indiana angalau alisema wazi.

Husemwa: hiyo ni sharia, ni kufu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelitaja kufu, hatukatai. Na hao hao wamesema kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Hawakusema kuwa mtu wa bara si mtu.

Imo katika Sahihi Muslim habari ya Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi. Alipokwisha eda aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, naye akaenda kutaka shauri kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akamwelekeza kwa Usama, mwana wa Zaid bin Haritha, na Zaid alikuwa mtumwa akaachwa huru. Bibi yule hakupendezwa. Mtume akamkariria neno lile lile, naye akaolewa na Usama. Na mwenyewe akasimulia baadaye jinsi Mwenyezi Mungu alivyotia kheri katika ndoa ile, hata akawa ni wa kutamaniwa hali yake.