Mashamba Mawili ya Mwanamke wa Makamo

Wazee wa Rufiji hawakulima mahali pamoja. Aliyekuwa na shamba la mpunga bondeni alikuwa pia na kipande mlimani, hata kiwe kidogo, chenye mihogo, minazi na mikorosho. Mpunga ulipandwa kabla mto haujafurika. Maji yakija kwa kiasi, ulinenepa kwa tope; yakija kwa hasira, ulikwenda nayo, na mwaka huo mlima ndio uliolisha watu. Maji yakishapungua, watu walirudi kwenye tope bichi wakapanda mlau: mahindi, kunde, maboga, vikaiva kwa unyevu uliobaki ardhini. Mafuriko kwao yalikuwa ndani ya hesabu ya mwaka.

Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya juu, Ikwiriri kikiwa kimojawapo. Wengi waliendelea kushuka kila msimu, wakilala kwenye madungu kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, kwa kuwa walijua nusu ya riziki yao imebaki kule. Na yaliyotokea Aprili na Mei 2024 yamewakumbusha hata vijana: maji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na aliyekuwa na kila kitu bondeni alibaki mikono mitupu.

Hesabu hiyo ya wazee naitaka leo kwa ajili ya mwanamke wa miaka arobaini na tano.

Mtazame pale Ikwiriri. Anaamka alfajiri kuchoma vitumbua, jua likichomoza anauza stendi kwa abiria wa Kusini, mchana yuko shambani au kwenye samaki wake wa kukaanga, jioni anarudi kwa wagonjwa na wajukuu. Watoto wa mwisho wako sekondari, wa kwanza wamekwisha kumletea wajukuu, mama yake mzazi hawezi tena kuteka maji. Kila mtu katika ukoo huo amemwegemea yeye, naye ameegemea nguvu za mikono yake tu.

Siku hizi husifiwa kazi isiyomfunga mtu kwa saa, kana kwamba imezuliwa jana. Bibi zetu waliijua. Mwanamke wa pwani alitembea na ukili wake. Alisuka barazani akingoja wali uive, alisuka akimuuguza mtu, akauweka chini mtoto akilia na kuushika tena mtoto akilala. Ukili ukitimia urefu, aliushona ukawa mkeka, mkeka ukauzwa, na fedha ile ilikuwa yake. Hakuomba ruhusa kwa bosi, wala hakuacha nyumba yake. Ni kazi yenye heshima, na sikubaliani na wanaoiita kazi ndogo. Lakini kasoro yake wazee waliiona: haina siku ya kustaafu. Inakoma siku macho yanapofifia na vidole kukakamaa. Na biashara ya barabarani nayo inafuata barabara. Enzi za kivuko cha Ndundu, magari yalisimama kungoja zamu ya kuvuka mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, yakawa yanapita bila kusimama. Mwenye sinia kichwani hakuulizwa.

Hapo ndipo linapokuja swali la mlima. Vitumbua, samaki na mpunga ni bonde: vinalipa haraka na vinaondoka haraka. Je, kipi kitamlisha akiwa na miaka sabini, bila kutegemea nguvu zake?

Wengi watajibu: nacheza upatu. Upatu ni mzuri, unanunua kitanda, unalipa ada, lakini ni zamu tu ya fedha zako mwenyewe. Ukishapokea umebaki na deni la kuwachangia wenzako. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ni bora zaidi, kwa sababu hisa zinakua na mfuko wa jamii unamfaa mtu siku ya msiba. Tatizo ni siku ya kuvunja kikundi na kugawana. Mwaka mzima mama anajinyima, kisha ndani ya wiki mbili zote zimekwenda kwenye sare za harusi na madeni ya dukani. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa watu waliojua fika kwamba mpunga unaoza. Waliupandisha darini juu ya moshi, wakatenga mbegu mbali na chakula, na mbegu haikuliwa hata njaa ikibisha hodi. Siku ya kuvunja kikundi, tenga mbegu kwanza.

Kuhusu mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, sina maneno mengi. Mama anayekimbia nyumba yake siku ya marejesho amekwisha kuibiwa. Njia nyingine ipo: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kuidai. Kilichosajiliwa kina haki ya kwenda kuuliza.

Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefika miaka 70 analipwa pensheni jamii. Bara hatujafika huko, na naamini tunapaswa kufika. Kwa sasa kilichopo ni kuchangia mwenyewe NSSF, ambayo inapokea pia waliojiajiri. Pensheni ya uzee inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka kumi na mitano. Anayeanza na miaka arobaini na tano anatimiza akiwa na sitini. Anayeanza na hamsini na tano anatimiza akiwa na sabini. Umri wa makamo ndio mlango wenyewe, na haukai wazi siku zote.

Kisha kuna mkorosho. Mche wa kisasa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, na mti huzaa kwa miongo. Aupandaye leo atauokotea korosho akiwa bibi, na asipoweza kuinama atamwita mjukuu. Kwa pwani mti una mwenyewe, na kwa muda mrefu mwenyewe huyo alikuwa mwanamume. Mwanamke aliachiwa mazao ya msimu mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake.

Jina hilo ndilo ninalosisitiza kuliko yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Korosho leo zinauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na malipo huenda kwa aliyeandikwa. Mama anapalilia, anaokota, anabangua chache za kuuza stendi, halafu fedha za msimu zinaingia kwenye akaunti isiyo yake. Mume akifariki akaacha watoto, kwa sheria ya Kiislamu mjane ana thumuni katika mirathi, na wake wenza wakiwapo wanaigawana. Hilo ni fungu lake katika mali ya marehemu. Mali yake mwenyewe haimo katika mirathi hiyo kabisa, ila asipoweza kuionyesha itahesabiwa pamoja.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo imewafaa wanawake wengi. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba aliyoidai, kwa kuwa mahakama iliona ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia. Haki ilipatikana, lakini mkononi hakukubaki kitu.

Mwali wetu huwekwa ndani, akafundwa na somo namna ya kuishi na mume. Anapofika makamo hakuna anayemweka chini tena. Enyi makungwi wa Ikwiriri, Utete na Kibiti, mnasikilizwa kuliko ofisa yeyote. Waiteni wanawake wa umri huo, muwafunde mara ya pili: akiba, ardhi, mirathi na uzee. Na wewe dada unayesoma, msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba. Kabla haujafika, nenda ofisi ya AMCOS ya kijiji chako ukaulize shamba unalolipalilia limeandikwa kwa jina la nani.